Tongoni Ilikufa, Pangani Ikabaki: Kisa cha Mji wa Wilaya

Leo naomba tuachane kidogo na Dar es Salaam na foleni zake. Nataka tuzungumze juu ya mji mdogo wa wilaya. Mnaujua mji huo. Ukiutaja kazini mtu anakuuliza, "Uko mkoa gani vile?" Una ofisi ya mkuu wa wilaya yenye bendera mbele, una mahakama, una hospitali, una kituo cha mabasi ambacho jioni hakina basi hata moja, na una nyumba ya wageni ambayo mhudumu wake anajua umekuja kwa shughuli gani kabla hujaandika jina lako kitabuni.

Warusi nao wanao. Mwaka 1836 Nikolai Gogol aliandika tamthilia nzima juu ya mji wa namna hiyo, na baadhi yenu mliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Wakubwa wa mji wanasikia kwamba mkaguzi anakuja kutoka makao makuu, wanaingiwa na baridi, halafu wanamkirimu tapeli aliyekuwa anapita njia tu. Mimi nilicheka kwa sababu niliwafahamu wote, majina tu ndiyo yalikuwa ya Kirusi. Kuna jambo jingine la Warusi ambalo halimo katika tamthilia hiyo. Mwaka 1775 Malkia Catherine wa Pili alipanga upya majimbo na wilaya za nchi yake, na kwa kuwa kila wilaya ilitakiwa kuwa na mji wake, vijiji vingi vilipandishwa cheo kuwa miji kwa wino wa kalamu. Mwaka 1796 mwanawe Paul aliposhika madaraka, baadhi vikashushwa tena. Watu walilala wakiwa wenyeji wa mji, wakaamka wakiwa wanakijiji.

Je, huku kwetu mji unapandishwa na nini na unashushwa na nini? Mfano ninaoujua vizuri kuliko yote uko katika barabara moja, kutoka Tanga kwenda Pangani, kama kilomita 50 kuelekea kusini. Katikati ya safari, kabla hujafika hata nusu, kuna Tongoni. Mwisho wa barabara kuna Pangani. Wa kwanza ni mji uliokufa, wa pili ni mji uliobaki mdogo kwa zaidi ya miaka mia moja na bado una mkuu wa wilaya. Nadhani sababu ya tofauti hiyo haiko katika samaki, wala nazi, wala bandari.

Tuanze na waliokufa. Hata jina lenyewe linakuambia. Tongo, au matongo, ni mahali palipohamwa, palipobaki alama za watu waliokuwepo. Kwa hiyo Tongoni ni jina ambalo watu walipapa mahali hapo baada ya mji kuondoka. Eneo lile kwa jina la zamani ni Mtang'ata, na jina hilo halijafa: lugha ya wenyeji wa mwambao huo, lahaja ya Kiswahili, inaitwa Kimtang'ata hadi leo. Mwaka 1956 mtaalamu wa lugha Whiteley aliiandikia kitabu kizima. Nalipenda sana jambo hili. Mji umeanguka, msikiti wake hauna paa, lakini namna yake ya kusema imeuzidi umri.

Ukishuka kwenye barabara kuu na kutembea kidogo kuelekea baharini unayakuta magofu. Kuna msikiti wa Ijumaa uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuuzunguka kuna makaburi kama arobaini, na zaidi ya nusu ni yale ya nguzo. Inatajwa kwamba hakuna mahali pengine katika mwambao wote wa Afrika Mashariki penye makaburi mengi ya nguzo yaliyokusanyika pamoja kiasi hicho. Mengi ni ya karne ya 14 na 15. Nguzo nyingi zimelala chini. Kwenye zile zenye mapambo unaona mashimo ya mviringo mlimokuwa mmepachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Mabakuli yenyewe yameng'olewa zamani. Richard Burton alipita hapa mwaka 1857, akiwa njiani kwenda kumwona Kimweri huko Usambara, akaeleza juu ya kigae chenye maandishi ya Kiajemi. Mzungu huyo alikuwa na tabia ya kumdharau karibu kila mtu aliyemkuta njiani, kwa hiyo msomeni kwa tahadhari, ila macho alikuwa nayo.

Sasa fikirieni mtu anayeweka bakuli la China kwenye kaburi la mzee wake. Huyo ana fedha za kutosha na ana uhakika kwamba wajukuu wake watakuwepo kuliangalia. Tongoni ulikuwa mji wa watu waliojiamini.

Na tunao ushahidi wa wageni waliowaona watu hao wakiwa hai. Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilikuwa zikipanda kaskazini, na moja yao, São Rafael, ikapanda kwenye mafungu karibu na hapo. Mmoja wa mabaharia aliweka kumbukumbu za safari. Anasema vilikuja vyombo viwili vya wenyeji, kimoja kimejaa machungwa mazuri kuliko ya Ureno. (Watu wa Muheza, mmesikia? Sifa ya machungwa ya upande huo ina zaidi ya miaka mia tano.) Wareno wakayapa mafungu jina la merikebu yao, na milima waliyoiona kwa mbali, yaani Usambara, wakaiita milima ya São Rafael. Hakuna mtu huku aliyeulizwa.

Januari 1499 walirudi kutoka India wakiwa hoi. Kuvuka bahari kwa upepo usio wao kuliwachukua karibu miezi mitatu, na watu wengi walikufa kwa kiseyeye. Mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakatia nanga kwenye mafungu yale yale, wakahamisha mizigo, wakaichoma São Rafael moto. Walikaa kama wiki mbili. Watu wa Mtang'ata, au "Tamugata" kama ilivyoandikwa na Mreno yule, wakaja na kuku wengi, wakabadilishana nao kwa mashati na bangili. Sanamu ya malaika iliyokuwa kwenye merikebu hiyo iliokolewa, na leo imo katika makumbusho ya mambo ya bahari huko Lisbon. Kwa maneno mengine, kile kipande cha mti kimetunzwa vizuri kuliko mji uliowalisha kuku.

Mwaka 1505 Wareno wengine walikuja na mizinga na kuzivamia Kilwa na Mombasa katika msafara mmoja. Hapa ndipo penye jibu la swali letu. Tongoni haikuwa dola. Ilikuwa kituo katika mnyororo wa biashara, na wakubwa wake walikuwa wafanyabiashara, wenye majahazi na mashekhe. Mnyororo ulipokatwa juu na chini, hapakuwa na kitu kingine cha kuushika mji. Hapakuwa na karani anayelipwa mshahara kutoka mbali. Hapakuwa na mtu anayelazimika kuja Tongoni ili apate muhuri. Palipokosekana shehena, palikosekana sababu ya kubaki.

Haya, tuingie tena kwenye basi.

Pangani ipo pale ambapo mto Pangani unaingia baharini baada ya kutembea kama kilomita 500 kutoka vyanzo vyake vya Kilimanjaro na Meru. Wapo wataalamu waliodhani kwamba ndiyo Rhapta, ule mji wa biashara uliotajwa na mabaharia wa Kigiriki karibu miaka elfu mbili iliyopita. Wengine wanaipeleka Rhapta hadi Rufiji. Sitaingia katika ugomvi huo. Kilicho wazi ni kwamba katika karne ya 19, chini ya Masultani wa Unguja, Pangani ilikuwa mji wa maana kabisa. Misafara ya pembe za ndovu ilitoka hapa kwenda nyika ya Wamasai na Kilimanjaro. Bondeni kulikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu, yakilimwa na watumwa. Serikali ilikuwa liwali wa Sultani, askari wachache, na majumbe waliokuwepo kabla ya Sultani na walioamini watakuwepo baada yake.

Agosti 1888 ndipo mji huu mdogo ulipoingia kwenye vitabu vya dunia. Sultani Khalifa alikuwa ameikodisha mrima nzima kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kwa miaka 50. Kampuni ikamtuma Pangani kijana mmoja wa kijeshi, Emil von Zelewski. Kazi yake kwa maneno ya leo ilikuwa ya mkuu wa wilaya: kukusanya ushuru, kupandisha bendera, kuandikisha mali. Liwali Abdulgawi bin Abdallah alikataa bendera ya kampuni. Zelewski akaita askari wa manowari, nao wakaingia msikitini na mbwa, wakati wa Idi Kubwa. Sijui kama kuna njia mbaya zaidi ya kuripoti kazini katika kituo kipya.

Mji ukachafuka. Abushiri bin Salim al-Harthi akawa kiongozi wa vita vilivyoenea mwambao mzima, na Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, aliviandikia utenzi. Mwanahistoria wa Marekani, Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995, aliwatazama watu wa Pangani wenyewe, wapagazi, watumwa, wakulima na masikini wa mjini, akaonyesha kwamba nao walikuwa na madai yao, mengine dhidi ya Wajerumani na mengine dhidi ya matajiri wao wenyewe. Julai 1889 Wissmann aliutwaa mji. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani. Zelewski naye hakufika mbali: mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa walimuua pale Lugalo, Iringa, pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Mkishamaliza kusoma vita mtadhani Pangani ilitajirika kwa umaarufu. Wapi! Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli, na reli hiyo ilianzia Tanga. Tanga ina ghuba yenye kina. Mdomo wa mto Pangani una fungu la mchanga ambalo meli kubwa haziwezi kulivuka. Reli ikafika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kila stesheni iliyofunguliwa ilikuwa mzigo mmoja zaidi usiopita Pangani. Njia ya misafara ya Kilimanjaro ilikufa bila risasi hata moja kupigwa.

Na kuna kejeli moja hapa lazima niisimulie. Katika miaka hiyo hiyo Dk. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, Pangani. Mkonge wote uliokuja kuijenga Tanga, mashamba yote yale unayoyaona ukipita Korogwe na Muheza, ulianzia kwenye miche ile. Pangani ndiyo iliyolea mtoto, Tanga ndiyo iliyokula mahari.

Kwa mantiki ya Tongoni, Pangani ingepaswa kufa mwaka 1911. Biashara imehama, meli haziingii. Mbona haikufa?

Kwa sababu Wajerumani waliacha boma. Pangani ilikuwa wilaya, na Waingereza walipoingia mwaka 1916 waliikuta wilaya wakaiacha wilaya. Bwana mkubwa mmoja, makarani, hakimu, askari, mtu wa forodha, daktari msaidizi, jela. Kila mmoja wa hao anakula, anapanga nyumba, ananunua samaki, anamleta mdogo wake kusoma. Na kila mwanakijiji kutoka Mkwaja au Mwera mwenye kesi, kodi au ugonjwa analazimika kuja mjini, alale, anywe chai. Jengo la kale la Kiarabu lililorekebishwa na Wajerumani likaendelea kuwa mahali pa kwenda kushtaki. Pangani ikageuka kutoka mji wa pembe za ndovu kuwa mji wa muhuri.

Kati ya makarani hao yupo mmoja mnayemjua wote. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, kwenye barabara hii hii, kusini ya Tanga, na amezikwa Machui. Tangu mwaka 1926 alikuwa mtumishi wa idara ya forodha, na Pangani ni mojawapo ya vituo alivyofanyia kazi kabla ya kuhamishiwa Mpwapwa. Baadaye alifanya kazi ofisi ya wilaya Tanga. Tunapenda kumfikiria kama mshairi chini ya mnazi. Mimi ninapopita Pangani namfikiria mezani, mbele ya daftari la mizigo ya majahazi, katika ofisi isiyo na msongamano mkubwa. Sidhani ni bahati tu kwamba mwandishi mkubwa wa Kiswahili alitokea katika miji midogo yenye ofisi. Karani wa wilaya alikuwa na mshahara, wino, na jioni ndefu.

Baada ya uhuru wilaya iliendelea. Halmashauri zilifutwa mwaka 1972 wakati wa madaraka mikoani, zikarudishwa kwa sheria ya 1982, zikaanza kazi tena 1984. Leo Pangani ina mkuu wa wilaya anayeteuliwa na Rais, ina mkurugenzi wa halmashauri, ina madiwani wanaochaguliwa, na ina tarafa nne. Mtu wa mjini Dar akisikia hivyo anacheka: viongozi wote hao kwa watu wangapi?

Ni swali la haki, tulijibu. Sensa ya 2012 iliihesabu wilaya nzima ya Pangani, mji na vijiji, ikapata watu 54,025. Mkoa wa Tanga wote ulikuwa na watu 2,045,205. Kwa hiyo Pangani ilikuwa chini ya watu watatu katika kila mia. Jiji la Tanga peke yake lilikuwa na watu 273,332, yaani Pangani tano na bado chenji inabaki. Sensa ya 2022 ikaikuta wilaya imevuka watu 75,000. Imeongezeka, ila bado kuna kata za Dar es Salaam zinazoizidi.

Ukitumia kalkuleta peke yake, wilaya hii haina sababu ya kuwepo. Iunganishwe na Muheza, magari ya serikali yapungue, mambo yaishe. Nimewasikia watu wenye akili wakisema hivyo kwa nia njema. Ila ningewaomba kabla ya kushika kalkuleta washuke kwanza Tongoni. Au waende Mikindani, iliyokuwa na boma la Wajerumani, na ambayo serikali iliiacha baada ya bandari mpya ya Mtwara kujengwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1940. Au Kilwa Kivinje, ambako makao ya wilaya yalihamishiwa Kilwa Masoko, na nyumba za ghorofa za mbele ya bahari zikabaki kuota miti kwenye kuta. Katika pwani yetu ofisi ya wilaya imefanya kazi ambayo zamani ilifanywa na bandari. Ukiiondoa, usitegemee mji ubaki kwa sababu ya mandhari.

Sasa hali ya hewa, maana bila hiyo huuelewi mwambao huu. Masika ni Machi hadi Mei, na mwezi wa nne na wa tano ndiyo yenyewe, barabara ya udongo inakuwa uji. Vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kwa mwaka mvua ya upande huu wa Tanga ni kama milimita 1,100 hadi 1,400, si haba hata kidogo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, joto la kulowesha shati saa tatu asubuhi, na kusi inachukua zamu katikati ya mwaka, usiku ukapoa na bahari ikachafuka. Pepo hizo mbili ndizo zilizoujenga Tongoni: jahazi lilishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na kati ya hapo watu waliuza, walioa, walijenga misikiti.

Lakini bahari inayoleta majahazi inakula pia ardhi. Mbele ya Pangani kuna Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye miti, mahali mashuhuri sana nchini ambapo kasa walitaga mayai, na mwaka 1975 serikali ikakitangaza kuwa hifadhi ya bahari. Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, miti yote ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Mtoni nako, maji yanayoshuka yamepungua kwa sababu ya mabwawa na kilimo cha umwagiliaji huko juu, na maji ya chumvi yanapanda mtoni kuliko zamani. Mkulima wa minazi na miwa bondeni anakunywa matokeo ya maamuzi yaliyofanyika Moshi na Arusha. Mkuu wa wilaya ya Pangani hana uwezo wowote juu ya bomba la mtu wa Arusha. Kuwa na wilaya si kuwa na mto.

Na hapo ndipo penye udhaifu wa hoja yangu mwenyewe. Tongoni ya leo, kijiji cha wavuvi kinachoishi kandokando ya magofu, ina serikali tele. Ni kata ya Jiji la Tanga, na Tanga ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Ukisonga kusini kidogo unafika Kigombe, na Kigombe ni wilaya ya Muheza, ambayo makao yake yako bara, mbali na bahari. Ukisonga tena uko Pangani. Katika kilomita 50 za mwambao mmoja, wenye watu wa ukoo mmoja na lahaja moja, umepita halmashauri tatu. Juu yake, tangu 2009 ipo Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa baada ya wavuvi wa huku kuanza, mwaka 2003, kumnasa yule samaki wa kale ambaye wataalamu waliwahi kudhani alikwisha zamani za mijusi wakubwa. Na magofu yenyewe yako chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, yaani yana bwana mwingine tena.

Nilikaa na mzee mmoja mvuvi, kivulini, akishona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuangalia makaburi?"

Nikamwambia ndiyo, na nataka kujua pia wao wanatawaliwa na nani. Akacheka mpaka akaacha kushona. Akaniambia akivua hapa ni mtu wa jiji, akienda dago upande wa Kigombe anaulizwa karatasi nyingine, akivuka tena anaulizwa nyingine. "Sisi hapa ni jiji, mwanangu," akasema, akaninyooshea kidole njia ya mchanga na mbuzi wawili waliolala katikati yake. "Umeona jiji lilivyo?"

Nikamuuliza kama angependa Tongoni iwe na wilaya yake. Akafikiri. Akasema wilaya hapana, ila wangewekewa ofisi moja yenye mtu anayekaa. Si anayekuja Jumanne na kuondoka. Anayekaa, ambaye wakati wa masika naye anakanyaga tope lao, na bamvua likiingia mpaka karibu na kuta za magofu naye analiona kwa macho yake.

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko takwimu zote nilizowaandikia hapo juu. Muhuri wa Tongoni uko Tanga mjini, na mwenye muhuri anarudi kulala kwake jioni. Pangani imebaki mji kwa sababu wenye muhuri walilala hapo hapo: liwali, Mjerumani, Bwana DC, mkurugenzi, na wote walipatwa na malaria ile ile.

Swali linalonikaa sasa ni daraja. Miaka yote ukifika Pangani barabara iliishia mtoni, ukasubiri pantoni kuvuka kwenda Bweni, na kusubiri huko kuliwauzia watu chai, mihogo na vocha. Mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 zilianza kazi za barabara ya lami kutoka Tanga kupita Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 juu ya mto Pangani. Wenyeji wanafurahi, na wana haki ya kufurahi, mgonjwa hatasubiri tena chombo usiku. Ila dereva wa Dar anayekwenda Mombasa hatakuwa na sababu ya kuzima injini Pangani. Reli iliupita mji huu kwa upande wa kaskazini. Barabara hii inapita katikati yake, na sijaona bado kama watu watashuka.

Kwa wanaotaka kwenda: panda gari la Pangani kutoka Tanga, mwambie konda akushushe Tongoni, tembea kuelekea baharini. Nendeni asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mtaona mikoko vizuri. Msiegemee nguzo. Zilizosimama zimebaki chache.